Mario kwenye mji wa kanga: kitambaa changu cha kutarizi kutoka Mtwara

Kaka yangu alipohamia kwake Mikindani sikutaka kumpelekea saa ya ukutani. Utoto wetu wote tulilipia gemu kibandani, na mtu wetu alikuwa Mario. Nikaenda Chikongola kwa mama mmoja anayetarizi mashuka na foronya, nikampa picha ya Mario yule wa zamani, wa mwaka 1985.

"Mwanangu, huyu mbona miraba mitupu?" Akavaa miwani, akahesabu: miraba 16 kutoka kofiani hadi viatuni, rangi 3 basi. "Huyu ni wa msalaba. Mashine itamharibu."

Kweli kabisa. Mshono wa msalaba ni kuhesabu vitundu, na Mario naye alichorwa kwa kuhesabu nukta. Mjapani aliyembuni, Shigeru Miyamoto, alimvisha kofia na kumpa masharubu kwa sababu nukta zilikuwa chache, nywele na mdomo visingeonekana. Mama alitumia kitambaa cha vitundu 14 kwa inchi, kila mraba akaujaza misalaba 25, Mario akatoka na urefu wa karibu sentimita 15. Ule uzi wa nyuzi 6 aliuchambua, akashonea 2 tu.

Lakini kilichoniteka ni alivyompanga kama kanga, jambo ambalo sikumwagiza. Pindo la korosho pande zote, Mario katikati kwenye mji, chini yake jina: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Korosho na Mario, Mtwara hii! Nikageuza nyuma (kazi ya mkono usiipokee bila kugeuza nyuma): hakuna fundo, hakuna uzi uliorukishwa mbali. Mbele, mkono wa juu wa kila msalaba umelala upande mmoja, ndiyo maana ule wekundu unang'aa sawasawa.

Wiki 3 tulizokubaliana zilifika 6, maana msimu wa korosho ulimkuta katikati ya kazi. Tena uzi mwekundu ulichuja nilipokiloweka usiku kucha, kona moja ikawa ya waridi. Mama aliifumua ile kona akaishona upya bila kunidai, akanionya: maji baridi, sabuni kidogo, usiloweke. Hilo angeniambia siku ya kwanza.

Nililipa 70,000. Kwa misalaba ile, naiona bei ndogo. Nimeshaagiza foronya mbili, na safari hii pindo nimemwachia achague mwenyewe tangu mwanzo.