Mfuko wa ubunifu wa chuo: tulipewa mil 3.5 tutengeneze kipima unyevu wa mahindi, huu ndo uzoefu wangu

Kila dirisha la maombi likikaribia wadogo zetu wa mwaka wa pili wananiuliza swali lile lile, eti dada ile hela inatoka kweli au ni maneno tu. Inatoka. Sisi tulikuwa timu ya watu wanne, tukapewa mil 3 na laki 5 tutengeneze prototaipu ya kipima unyevu wa mahindi, na kifaa kipo, kinafanya kazi, jana tu nlikuwa nimekishika. Ila namna inavyotoka ndo kuna mambo mengi ya kuongea. Jina la chuo naliacha kwa sababu sitaki kumchafua mtu, halafu nna marafiki vyuo vingine viwili na wanavyosimulia ni yale yale.

Kwanza kwa nini mahindi. Mwenzetu mmoja kwao ni Kongwa, na mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, watu wa kula mahindi waliyolima wenyewe. Mahindi ukiyaweka ghalani yana unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5 hivi ukungu unapata pa kuanzia, na mkulima wa kawaida hana namna ya kujua zaidi ya kung'ata punje asikie inavyokatika, au achukue chupa kavu ya kioo atie mahindi na chumvi kavu atikise, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa basi mahindi bado mabichi. Na ile ya chumvi inafanya kazi kweli, mama yake mwenzetu anaitumia miaka yote, shida ni kwamba inakwambia tu kama yamepita 15 au hayajapita, ukiwa pale kati ya 13 na 15 haikwambii kitu na hapo ndo gunia linapoharibikia. Vipima vya dukani vipo ila kwa mkulima wa magunia 20 bei yake hainunuliki.

Sa turudi kwenye mfuko. Kuomba si kugumu, fomu ya kurasa 4, bajeti, halafu unaitwa mbele ya jopo unajieleza dakika 5. Nawapa hongera sana kwa lile jopo, maana hawakuweka walimu peke yao, walimleta na mfanyabiashara wa nafaka. Yule mzee alituuliza swali moja tu, "nikipima juu ya gunia na nikipima chini, nitapata namba moja?" Tukatazamana. Tulikuwa tumesoma saketi miezi 4 na hakuna aliyewahi kutoboa gunia apime mpaka chini. Kama mfuko usingetupa hata senti, lile swali peke yake lilitosha kubadilisha kifaa chetu.

Hela inakuja kwa awamu 3, asilimia 40, 40 halafu 20. Tulipitishwa mwezi wa 11, awamu ya kwanza ikaingia mwezi wa 2 wiki ya UE, yaani uko na mtihani kesho ndo unapigiwa simu uje usaini. Mpaka hapo tulishachangishana elfu 50 kila mtu kwenye boom, ile hela ya mkopo wa chuo, tukaanza wenyewe. Halafu hela yenyewe hupewi mkononi. Vitu vikubwa unaleta profoma 3, yaani makadirio ya bei ya wauzaji watatu, inatoka LPO, oda rasmi ya manunuzi, mzabuni analeta halafu analipwa baadaye. Kwa laptop au mashine ya 3D sawa, naelewa, ni hela ya umma lazima ilindwe. Ila sisi tunatafuta IC ya 555, chipu ndogo ya kutoa mapigo ya umeme, kidude ambacho Kariakoo unakipata kwa buku, na tunazitaka 6 kwa sababu tunajua 3 zitaungua, ni mzabuni gani atasubiri malipo ya LPO kwa buku 6? Kwa hiyo vitu vidogo tukapewa masurufu, yaani hela taslimu ya kutolea hesabu, laki 3 kwa mara moja, na huchukui nyingine mpaka urejeshe hesabu ya kwanza na risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Hapo ndo tulipokwama.

Kifaa chetu kinahitaji mabomba mawili ya aluminiamu, dogo linaingia ndani ya kubwa bila kugusana, mahindi yanajaa katikati. Maji yanashika chaji karibu mara 80 ya hewa, punje kavu ni mara chache tu, kwa hiyo unyevu ukiongezeka uwezo wa yale mabomba kushika chaji, yaani kapasita yake, unabadilika, 555 inabadilisha kasi ya mapigo yake, Arduino, kibodi kidogo cha kompyuta, inayahesabu. Siri yote ni ile nafasi kati ya mabomba iwe sawa pande zote. Tukaenda Gerezani, kule kwenye vibanda vya mafundi Dar, kwa fundi mmoja mtu mzima, tukamwonyesha mchoro, hakuusoma hata, akachukua bomba akaliweka kwenye lezi, mashine ya kuchongea, akachonga bushi mbili za naironi, moja juu moja chini, akalisukuma bomba dogo ndani taratibu kwa kiganja mpaka likakaa, kisha akalishika juu ya mwanga akatuambia chungulieni. Mstari wa mwanga ulikuwa na upana mmoja mzunguko mzima. Elfu 45. Nikamuomba risiti ya EFD akanambia "binti yangu, mashine hiyo nitaitoa wapi, mi kibanda changu ndo hiki", akaniandikia kwenye kitabu cha risiti cha kawaida na namba yake ya simu na sahihi. Na hana kosa, wafanyabiashara wadogo wa kiwango chake sheria haiwalazimishi kuwa na EFD.

Uhasibu wakaikataa. Supavaiza akaandika barua, barua ikaenda kwa mkuu wa idara, ikarudi kuulizwa mchoro, ikaenda tena, wiki 5, na kwa wiki 5 hatukupata masurufu mengine. Elfu 45 ikazuia laki 3. Na dada wa uhasibu simlaumu, yeye anafuata kitabu alichopewa na mkaguzi akija atamuuliza yeye, hatatuuliza sisi. Ninaowalaumu ni walioandika huo utaratibu kama vile prototaipu zinatengenezwa supamaketi. Vitu vya ubunifu nchi hii vinatengenezwa Gerezani, kwenye vibanda, na watu wasio na EFD. Wekeni fomu moja ya fundi mdogo, jina, simu, picha ya kazi, sahihi ya supavaiza, mambo yaishe.

Cha pili kilichoniuma ni ripoti ya katikati. Ili upate awamu ya 2 lazima uonyeshe "lengo limefikiwa". Sisi halikufikiwa. Toleo la kwanza lilikuwa likishindiliwa mahindi kidogo tu namba inapanda, mahindi yale yale, ukipima asubuhi 14 ukipima mchana kwenye jua 16. Timu nyingine tuliyokuwa nayo ilikuwa na shida kama yetu, wao wakaprinti kasha zuri la 3D likang'aa, wakapita, na ndani hakuna kilichokuwa kinafanya kazi, na mpaka leo hakifanyi. Wale ni watu wenye akili sana, utaratibu ndo uliwafundisha kuficha. Sisi tukaandika ukweli, tukakaribia kusimamishwa, aliyetuokoa ni yule mzee wa nafaka, alisema hawa angalau wamejua tatizo liko wapi. Tukapewa.

Hela ya awamu ya 2 ndo iliyojenga kifaa. Tukaweka faneli juu ili mahindi yaanguke kutoka urefu ule ule kila mara, tukaongeza loadcell ya kupima uzito wa kilichoingia, na kipimajoto. Sa hivi kinajua uzito, ujazo na joto kabla hakijakupa namba.

Na kuna kitu mfuko ulifanya ambacho hakimo hata kwenye tangazo lao. Ili ujue kifaa chako kinasema kweli lazima ukilinganishe na oveni, unapima sampuli kwenye mizani, unaiweka nyuzi 103 kwa masaa 72, unapima tena, kilichopungua ndo maji. Masaa 72, na maabara yenye oveni ni ya idara nyingine na wikiendi inafungwa, yaani usipoanza Jumatatu au Jumanne wiki imekwenda. Mratibu wa mfuko alitembea mwenyewe mpaka kule, akaongea na msimamizi wa maabara, tukapewa rafu moja ya oveni muhula mzima. Ile rafu ilikuwa na thamani kuliko awamu ya kwanza yote, nasema kutoka moyoni.

Mwezi wa 7 tukapanda basi mpaka Kibaigwa, soko la mahindi huko huko Kongwa, na matoleo 3. Sampuli nyingi hatukupishana na oveni zaidi ya asilimia 1. Mama mmoja aliyekuwa anauza gunia 6 alipima, kikamwambia 15.8, akafunga magunia yake akayarudisha nyumbani kuanika, hakubishana.

Wanaotaka kuomba nawashauri hivi. Ukurasa wa umiliki usomeni kabla ya kusaini, wetu unasema uvumbuzi ni wa chuo na timu kwa mgao na maombi ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa wakala wa usajili BRELA chuo ndo kinalipia, sisi tuliridhika ila kwanza tuliuliza. Maonyesho ya hadhara yasubiri mpaka mjue mnalinda nini, maana hataza inataka kitu kipya. Kwenye bajeti wekeni vipuri vya kuungua, andikeni hivo hivo, tukiulizwa tulijibu na walikubali. Na akiba ya miezi 3 ya kwanza muwe nayo mfukoni. Marekani kuna shirika la VentureWell, limewahi kuzipa timu za wanafunzi dola 5,000 hatua ya kwanza halafu dola 20,000 hatua ya pili, na mi sisemi tupewe kiasi hicho, nasema hata laki 5 ya mwanzo ambayo timu inaishika mkononi ndani ya wiki mbili ingebadilisha kila kitu.

Nyota 3 kati ya 5. Jopo na mratibu nawapa 5, utaratibu wa hela naupa 2.

Kifaa kimoja tulikiacha Kibaigwa kwa mama yake mwenzetu, kila Jumapili anapiga simu anasoma namba na anasema na chumvi imesemaje, tunaandika zote mbili. Awamu ya 3, laki 7, bado haijatoka. Ikitoka tunatengeneza vingine 4 kabla mahindi ya msimu ujao hayajaanza kuvunwa.