Kambi za RV, Texas hadi Grand Canyon: nilikolala na nilikokesha

Ukikodi RV, lile gari lenye nyumba ndani yake, hapa Marekani, kodi ya gari ni mwanzo tu wa matumizi. Kila jioni lazima upate kambi ya kulilaza, na bei ya kambi haikuambii lolote kuhusu usiku unaokusubiri. Sisi tunaishi Fort Worth, Texas. Kiangazi tulichukua RV ya futi 25 tukaenda Grand Canyon kupitia Amarillo, kisha tukarudi kwa njia ya kusini, Phoenix hadi kwenye visima vya mafuta vya Texas magharibi. Ndani ya gari: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Muheza.

Huyu mama mkwe ndiye aliyebadilisha vigezo vyangu vyote. RV ina choo chake na bafu lake, sawa, lakini choo chenyewe kiko hatua mbili kutoka meza ya chakula na mlango wake ni mwembamba kama wa kabati. Mama wa Kibondei hataingia humo huku mkwewe amekaa pale anakunywa chai. Na hata angeingia, mimi ningetoka nje. Kwa hiyo kila tulipofika mahali, habari ya bwawa la kuogelea na waifai ilikuja baadaye. Kwanza tuliangalia vyoo viko wapi, ni visafi kiasi gani, na njia ya kwendea huko usiku ina taa au haina.

Kwa ambaye hajawahi: kambi ya RV ni kiwanja kilichogawanywa nafasi za kuegesha. Nafasi iliyokamilika ina kiguzo cha umeme, bomba la maji safi, na tundu la maji taka chini. Unachomeka waya, unafunga mpira wa maji, unaunganisha bomba la taka, maisha yanaendelea. Umeme uko wa aina mbili. Ule wa ampea 30 unakupa wati 3,600, yaani kiyoyozi kimoja na vitu vidogo vidogo. Ukiongeza maikrowevu breka inaruka. Ule wa ampea 50 una laini mbili za volti 120 na unafika wati 12,000, hata viyoyozi viwili vinakwenda pamoja bila ugomvi. Yetu ilikuwa ya 30.

Nianze na iliyoniuma zaidi. Ni kambi moja nje kidogo ya Phoenix, Arizona, jina lake nalihifadhi. Mtandaoni ina picha za mitende, bwawa la bluu na wazee wanacheza gofu. Zaidi ya dola 80 kwa usiku mmoja. Mapokezi tulipewa ramani, bangili za plastiki za kuingilia bwawani, na karatasi ya masharti mbele na nyuma: RV iliyozidi miaka kumi haipokelewi, kuanika nguo nje marufuku, kuosha gari marufuku. Mke wangu alipofika kwenye sharti la nguo alimwangalia mama yake, maana kanga mbili zilikuwa zimeloweshwa tangu asubuhi.

Tuliegesha saa tisa alasiri, joto nyuzi 43. Phoenix ndivyo ilivyo. Mwaka 2023 ilikaa siku 31 mfululizo bila joto la mchana kushuka chini ya nyuzi 110 za Farenhaiti, ambazo ni hizo hizo 43. Huwa nachomeka kwanza kifaa cha kulinda umeme kabla ya gari. Kinasoma volti, na zikishuka chini ya 104 kinakata chenyewe. Walioko Dar wenye friji nyumbani wanaelewa, ni kazi ile ile ya fridge guard. Kilisoma 112. Nikasema si haba. Saa kumi, 107. Saa kumi na moja kikakata, kikasubiri, kikarudisha, kikakata tena.

Sababu yake haina uchawi. Nyaya zilitandazwa zamani kwa ajili ya RV ndogo, kisha wakaongeza nafasi mwisho wa laini bila kubadilisha nyaya. Asubuhi kila kitu ni shwari. Jua likifika utosini kila mtu anawasha kiyoyozi, umeme unagawanywa hadi unaishiwa nguvu, na nyie wa mwisho wa laini mnapata makombo. Kompresa ya kiyoyozi ikikosa volti inavuta ampea nyingi zaidi, inachemka, na ikiungua ni juu ya aliyekodi gari, si juu ya mwenye kambi. Ndiyo maana nisingethubutu kukitoa kile kifaa, hata watoto walipoanza kulia.

Nilienda ofisini. Kijana wa mapokezi alinisikiliza vizuri tu, akanieleza kwamba mchana huwa hivyo, kila mtu anawasha kiyoyozi. Nikamwomba nafasi nyingine karibu na transfoma. Zimejaa. Nikaomba nirudishiwe nusu ya fedha. Akanionyesha mstari kwenye ile karatasi. Ndani ya gari kipimajoto kilisoma 36. Mama mkwe alikuwa ameshahamia bwawani, amekaa pembeni, miguu kwenye maji, kanga begani, bangili yake ya plastiki mkononi.

"Baba," akaniambia, "kumbe na huku umeme wao unachoka."

Kwa vyoo, nawapa haki yao. Mabafu yalikuwa na vigae hadi darini, sabuni imejaa, maji ya moto hayakatiki, na mama alitoka huko akiwa amerudi ujana. Volti zilipanda tena mnamo saa nne usiku, viyoyozi vya majirani vilipoanza kupumzika. Tulilala tukiwa tumeshachoka na ule uzuri wote.

Sasa linganisha na Palo Duro. Hii ni hifadhi ya jimbo la Texas, kusini ya Amarillo, kwenye korongo ambalo mara nyingi huitwa la pili kwa ukubwa Marekani baada ya Grand Canyon yenyewe. Ilifunguliwa 1934, na barabara ya kushukia chini ilijengwa na vijana wa CCC, ule mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mteremko ni mkali. Usishuke na gia ya juu ukitegemea breki, shusha gia na uende polepole. Ukifika chini umezungukwa na kuta za udongo mwekundu.

Nafasi zake zina umeme na maji, tundu la taka hakuna. Maji machafu unayabeba mwenyewe hadi kwenye kituo cha kumwagia siku ya kuondoka. Kuna watu wakisoma hilo wanaipita. Mimi naona ni heri, kwa sababu tundu la taka la jirani ndilo linaloharibu jioni za watu kambini, na hapa hakuna hata moja. Kile kifaa changu kilisoma 120 mchana kweupe na viyoyozi vyote vinanguruma. Jengo la mabafu ni la kizamani, zege tupu, lakini lilikuwa limefagiliwa na limepigwa dawa, na maji ya moto yapo.

Kilichonifurahisha zaidi ni utaratibu wao wa wenyeji wa kambi. Ni watu wa kujitolea, mara nyingi wastaafu, wanaokaa pale na RV yao bila kulipa na badala yake wanaangalia kambi. Mama mmoja wa Kimarekani wa rika la mama mkwe alikuja na tochi giza lilipoingia, akaonyesha kwa vidole njia ya kwenda mabafuni, akamshika mkono wakaenda wote. Hawana lugha moja inayowaunganisha. Walirudi baada ya muda mrefu sana wakicheka, hadi leo sijaambiwa walikuwa wanacheka nini.

Asubuhi bata mzinga wa porini walipita katikati ya kambi, kundi zima, hawana haraka.

"Hawa wa nani?" mama mkwe akauliza.

Mke wangu akamjibu ni wa serikali.

"Na watu wanawaangalia tu?"

Tahadhari mbili kuhusu Palo Duro. Kiangazi chini ya korongo kuna joto la kuua watu, si maneno ya kutisha tu, na mabango ya njia za kutembea yanasisitiza maji. Halafu nafasi zinafunguliwa miezi mitano kabla, na za wikendi huisha mapema. Tafuta Jumatatu hadi Alhamisi.

Katikati, New Mexico magharibi, tulilala kwenye kambi ya kokoto tupu pembeni ya barabara kuu ya I-40. Hapo hakuna la kupiga picha. Reli ya BNSF inapita sambamba na barabara na treni za mizigo hazilali. Lakini wenyewe wameandika hilo wazi kwenye tovuti yao, na ofisini kuna kikapu cha vifaa vya kuzibia masikio, chukua bure. Unaingia mbele unatokea mbele, hakuna kurudi nyuma kwa kubahatisha. Ardhi imesawazishwa, na hilo ni muhimu kuliko linavyosikika: friji nyingi za RV zinazotumia gesi hazipoozi vizuri gari likiegemea upande. Maji yana presha ya kawaida, umeme umetulia, tundu la taka liko chini ya usawa wa gari kama inavyotakiwa. Chooni mama hakulalamika. Treni ndizo zilizomfurahisha, maana Muheza amekulia jirani na reli ya Tanga. Watoto walikesha. Bei ilikuwa nusu ya ile ya Phoenix.

Grand Canyon tulilala Trailer Village, kambi pekee yenye umeme, maji na taka ndani ya hifadhi upande wa ukingo wa kusini. Usiende ukitarajia anasa. Nafasi ni za zamani na zimebanana kidogo, na mabafu ya kuoga hayapo pale pale. Yako kwenye jengo la huduma karibu na Mather Campground, unalipia. Kwa mama mkwe hiyo ilikuwa safari ya taulo na ndoo. Unacholipia ni mahali penyewe: basi la bure la hifadhi linakupeleka ukingoni, hivyo RV haitoki tena hadi siku ya kuondoka, na jioni elk, wale wanyama wa porini wanaokaribia ukubwa wa ng'ombe, wanakula majani mbele ya mlango wako. Pale ni mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata kiangazi usiku unahitaji blanketi. Kabla hujaenda, angalia tangazo la maji. Bomba kuu linalovuka korongo ni la miaka ya 1960 na limezoea kupasuka. Mwishoni mwa Agosti 2024 liliharibika vibaya hadi hoteli za ukingo wa kusini zikafunga vyumba.

Ya mwisho ilikuwa Texas magharibi, huko Permian kwenye mafuta. Nayo siitaji. Kambi za huku si za watalii, ni makazi ya wafanyakazi wa visima wanaokaa miezi na miezi, na mpita njia anapewa nafasi iliyobaki. Yetu ilikuwa na tundu la taka lililochomoza juu kuliko tundu la gari. Maji taka hayapandi mlima. Jirani yetu, kijana wa Kimeksiko, alituonyesha alivyolitatua yeye kwake kwa vipande vya mbao chini ya matairi, akatuazima vyake bila kuombwa. Saa kumi na nusu alfajiri pikapu zote ziliwaka kwa pamoja. Siwalaumu, watu wanakwenda kazini. Ninachomlaumu mwenye kambi ni choo: kimoja kwa kambi nzima, kina kufuli ya namba, na namba tuliyopewa haifungui. Simu ya ofisini haipokelewi.

Tulichofanya ni kumpeleka mama kwenye kituo cha mafuta cha malori. Madereva wa malori wanaoga kwa kulipia, dola kumi na kitu, na anayelipa yeyote anaruhusiwa. Unapewa namba, unasubiri, kipaza sauti kinakuita. Chumba ni chako peke yako, kimeoshwa baada ya mtu aliyetangulia, taulo mbili zimekunjwa. Mama mkwe alitoka huko akauliza kwa nini hatukulala hapo tangu mwanzo wa safari. Sikuwa na jibu.

Siku hizi kabla ya kulipa napiga simu na kuuliza volti ni ngapi saa kumi na moja jioni ya Julai. Anayejua atakutajia namba. Anayekwambia kila kitu kiko vizuri, endelea kutafuta. Maoni ya wateja nasoma yale ya Julai na Agosti tu, yale ya Machi yote ni matamu. Na ukiona tathmini za Good Sam, kampuni inayopima kambi za RV, zile namba tatu zilizotenganishwa kwa mistari, ya katikati ndiyo ya vyoo. Ikiwa na nyota pembeni, mabafu yao yanang'aa. Ila hakuna hata namba moja kati ya hizo tatu inayokwambia volti za alasiri.

Palo Duro nitarudi Oktoba, katikati ya wiki. Ile ya treni nitalala tena nikipita, watoto wakiwa wakubwa kidogo. Ya Phoenix labda Januari, wakati wazee wa majimbo ya baridi wanapohamia huko na hakuna anayewasha kiyoyozi. Lakini kwanza wafute lile sharti la kuanika nguo.