Versailles: Hata Mfalme Alikuwa na Mgao wa Maji

Haya watu wangu, karibuni. Leo sichambui simu, nachambua tikiti. Niliwaahidi nikirudi Ufaransa nitawaambia kama kasri la Versailles linastahili pesa yako. Niko hapa kwangu Umoja, na hiyo mitungi mitupu mnayoiona nyuma yangu msiijali, tutaifikia.

Ndani nitapita mbio. Ukumbi wa Vioo una vioo 357, lakini mimi niliona zaidi visogo vya watu. Msongamano wake ni kama steji jioni mvua ikinyesha. Ila ni humo, tarehe 28 Juni 1919, Ujerumani ilipotia sahihi mkataba ulioinyang'anya koloni lake, Tanganyika. Mambo ya majirani zetu yaliamuliwa huko, na hakuna aliyewauliza.

Sasa bustani. Aliyeipanga ni André Le Nôtre, na mfalme Louis XIV akahamia huko na serikali nzima mwaka 1682. Tatizo? Maji ya zile chemchemi zake za kurusha maji juu! Wakajenga mtambo wa magurudumu 14 katika mto Seine, ukamalizika 1684, uyapandishe maji mlimani. Bado hayakutosha. Basi mfalme akitoka kutembea, mafundi wanapigiana firimbi: anakuja, fungua! Amepita, funga! Mgao, jamani, kwa mfalme!

Nilikaa sana kwenye chemchemi ya Latona. Mama huyo, kwa hadithi za kale, alikuwa na watoto wachanga wawili, akaomba maji ya kunywa bwawani. Wanakijiji wakayatibua tope. Adhabu yao ndiyo hiyo: sanamu moja mwili ni wa mtu, mdomo umeshakuwa wa chura. Nikamkumbuka jamaa mmoja mwenye kisima mtaani kwetu. Jina nimelimeza.

Mabaya yake: Jumatatu kasri hufungwa, na mimi nilifika Jumatatu. Nauli ikaenda hivyo, ikabidi nirudi siku nyingine. Chemchemi nazo hazirushi maji kila siku. Lenga wikendi kati ya Aprili na Oktoba, ujue siku hizo bustani hulipiwa. Na tafadhali, usivae viatu vipya. Lile ziwa la kuchimbwa peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Nilirudi nikichechemea.

Alama zangu: kasri sita kwa kumi, bustani tisa. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, chukua...

Ngoja. Mmesikia? Mfereji unakohoa! Bustani, chukua bustani. Wacha nikakinge maji.