Siku nne za kuchora ziwa letu: mafunzo niliyolipia Bukavu

Nililipa dola 25 kwa mafunzo ya siku nne ya kupanga matumizi ya maji, yaani nani afanye nini ziwani, wapi na lini, hapa Bukavu, katika ukumbi wa parokia moja ya Ibanda. Wenzangu wa Katana na Birava wameniuliza kama kundi lijalo linafaa kulipiwa. Linafaa, ila kuna mambo ya kudai kabla hujatoa pesa.

Mimi nauza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Alfajiri niko ufukweni, nanunua, naanika, kisha napeleka sokoni Kadutu. Kamati yetu ya wavuvi na wachuuzi ilinituma kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wake.

Siku ya kwanza ilikuwa ya bahari tupu. Kongo nzima ina pwani ya kilomita 40 hivi, kule Muanda, na kati yetu watu kumi na wanane hakuna aliyewahi kuiona. Nilidhani siku imepotea. Mwalimu akatandika mezani ramani ya matumbawe ya Australia, yale yanayoitwa Great Barrier Reef, akatufundisha kuisoma kwa rangi: penye kijani huvui kabisa, penye manjano unavua kwa mshipi mmoja wenye ndoana moja, penye buluu iliyokoza nyavu za kukokota haziingii. Mwaka 2004 ramani hiyo ilichorwa upya, na eneo lisilovuliwa likapanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi kama asilimia 33. Akatueleza pia Shelisheli, waliofikisha ulinzi kwenye asilimia 30 ya bahari yao mwaka 2020, na sehemu ya deni la nchi ikageuzwa kuwa fedha za kazi hiyo. Mama mmoja wa Kalehe akanyoosha mkono: wavuvi wa huko walikula nini wakati wanangoja samaki waongezeke? Mwalimu akajibu kwamba Australia serikali ililipa fidia waliopoteza riziki. Swali la yule mama lilirudi kila siku hadi mwisho, na kwa upande wetu bado halijapata jibu.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tulipewa ramani ya Ziwa Kivu na karatasi tatu za kalke, zile nyembamba zinazoonyesha kilicho chini yake. Karatasi ya kwanza ni ya juu ya maji: meli, mitumbwi, vituo vya abiria. Ya pili ni ya samaki, kwa sababu ziwa hili lina kina cha karibu mita 485 lakini samaki wanaishi katika mita 60 hivi za juu tu. Chini ya hapo hakuna hewa. Ya tatu ni ya huko chini, kwenye gesi ya methani, ambayo wenzetu wa Rwanda wanaivuta karibu na Kibuye na kupata megawati 26 za umeme. Unazipanga moja juu ya nyingine, unatazama zinapogongana.

Papa mmoja, yaani mzee, mvuvi tangu ujana wake, hakuchora kitu asubuhi yote. Kisha akaweka kidole kwenye ghuba moja, juu kabisa ya mstari ambao mwenye boti la abiria alikuwa amemaliza kuuchora. Akasema, "Hapa ndipo ninapolala." Alimaanisha mitumbwi yake mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka kuwaita sambaza wapande. Mwenye boti akaanza kupandisha sauti. Mwalimu akauliza swali moja: saa ngapi? Boti linapita kuanzia alfajiri hadi mchana. Papa anashusha wavu jioni na kurudi kunapopambazuka. Ugomvi wote ukabaki saa moja tu, kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, na wawili wale wakakubaliana wenyewe boti lipite upande wa nje mpaka jua litoke. Tukaandika saa kwenye ramani, pembeni ya mstari.

Na mimi nilikuwa na changu. Sambaza wachanga hukulia pembeni, karibu na nchi kavu, na humo ndimo watu wanamopitisha vyandarua vya mbu. Ninapoanika, najua kwa kutazama mkeka mzigo umetoka ghuba gani: wa kidole kizima wametoka ndani, wa ukucha wametoka pembeni. Mwalimu akanipa kalamu nyekundu nitie alama ghuba zote za ukucha. Nilitia nne. Miaka yote nimeshika samaki hao mikononi, wala hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sasa malalamiko. Mafunzo yaliwekwa katika wiki ya giza, mwezi haupo. Yeyote anayeishi kando ya ziwa anajua hizo ndizo siku za kuvua kwa taa. Wakati wa mbalamwezi sambaza hawafuati taa, na wavuvi wanapumzika. Wavuvi wetu walikuja wamevuta wavu usiku kucha. Saa nne asubuhi wawili walikuwa wamelala vichwa mezani, na Papa hakurudi siku ya tatu, siku ya kuamua ghuba zipi zipumzishwe. Tuliamua bila yeye, jambo linaloniuma hadi leo. Pia maandishi ya ukutani yalikuwa ya Kifaransa pekee, nikawa nawatafsiria mama watatu kwa kunong'ona. Na ramani kubwa, yenye saa na alama zangu nyekundu, waandaaji waliondoka nayo, sisi tukabakiwa na kikaratasi kisichosomeka. Nilifuatilia wiki mbili nikapata nakala, nikalipia uchapaji dola 8 mfukoni mwangu.

Nakala hiyo sasa imebandikwa penye mizani yetu. Papa alikuja kuitazama Jumapili, akiwa na miwani ya mkewe, akasema ghuba moja kati ya mbili tulizofunga si yenyewe, mazalio yako ng'ambo ya jiwe. Tumeifuta kwa penseli, tutaipeleka kwa kamati. Mtakaojiandikisha, ulizeni kwanza kama tarehe ni za mbalamwezi, na waandikeni pamoja nanyi wavuvi wawili wa usiku.