Google au hifadhidata ya maktaba? Tumezipima kwa mwani

Assalaam alaykum watazamaji wetu, Unguja na Pemba. Leo tunapima Google na hifadhidata za maktaba, yaani makusanyo ya makala za kitaaluma mtandaoni, kwa swali moja tu: kwa nini kotonii, aina ya mwani unaolimwa, unapauka na kukatika kambani?

Google kwanza. Tangu Disemba 2009 inapanga majibu kwa kumtazama anayeuliza, hata asiyefungua akaunti: yuko wapi, alitafuta nini nyuma. Simu ya mtembeza watalii na ya mwanafunzi zikiandika "mwani Paje", usishangae moja ikatanguliza sabuni na ziara, nyengine habari za wakulima. Wengi hukimbilia kidirisha cha siri cha kivinjari (Incognito). Kinasaidia nusu tu, kwani kinaweka kando akaunti na historia, lakini anwani yako ya mtandao bado inaonesha ulipo. Kwa ripoti ya utafiti hilo ni kasoro kubwa, maana mwenzako akirudia utafutaji wako anaweza kupata orodha nyengine kabisa.

Hifadhidata haikujui. Ukiwa Wete au Mwanakwerekwe, maneno yale yale yanaleta orodha ile ile. Kinachobadilika ni makala zipi maktaba yako imezilipia. Ila ukiandika "kwa nini mwani unakufa" unaambulia patupu, kwa sababu inatafuta maneno uliyoyaandika, na makala nyingi ni za Kiingereza zenye majina ya kisayansi.

Sasa tazama kioo, tuko JSTOR, moja ya hifadhidata hizo. Fungua mabano, andika Kappaphycus OR Eucheuma, funga mabano. Majina mawili kwa sababu kotonii, ambayo leo ni Kappaphycus, zamani iliwekwa kwenye Eucheuma, na makala za zamani zimebaki na jina hilo. Endelea: AND Zanzibar AND "ice-ice", jina la ugonjwa wenyewe, likiwa ndani ya alama za nukuu. AND (na) inataka maneno yote yawemo, OR (au) inatosheka na mojawapo; zote ziwe herufi kubwa. Mabano usiyasahau! Hifadhidata nyingi husoma AND kabla ya OR, kwa hiyo bila mabano utaletewa kila Kappaphycus mpaka ya Ufilipino.

Matokeo yakiwa machache, toa "ice-ice" kwanza. Bado? Badilisha Zanzibar uweke Tanzania.

JSTOR ina upungufu wake: majarida mengi huchelewa miaka 3 hadi 5 kuingia. Makala mpya za bahari yetu zitafute kwenye Western Indian Ocean Journal of Marine Science, ndani ya African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika. Hazilipiwi. Soma ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kabla ya kupakua, bando lisiishe kwa makala usiyoihitaji.

Kwetu sisi, kwa utafiti hifadhidata inashinda, tena mbali. Google itumie mwanzo kupata jina la kisayansi na la ugonjwa, kisha uhame. Na mstari wote wa utafutaji unakili kwenye daftari pamoja na tarehe. Msimamizi wako atauliza.