Kumkodi mthamini kupinga reti za ploti Malindi: wapi pesa inafanya kazi na wapi inaliwa

Daftari jipya la thamani, lile ambalo kaunti huandika kila ploti na thamani yake, likishatangazwa, haichukui muda kabla mtaani hajatokea wa kukwambia anaweza kukushushia reti, yaani kodi ya kaunti inayotozwa kwa thamani hiyo. Huduma yenyewe ni halali, na kwa ploti fulani ina faida ya kweli. Ila kwa jina hilo moja, kushusha reti, huuzwa vitu vitatu tofauti: kazi ya mthamini aliyesajiliwa (mtaalamu wa kukadiria thamani ya ardhi), kazi ya wakili, na maneno ya broka. Kwa alama za kumi, tukimfikiria mwenye nyumba wa kawaida hapa Malindi, mthamini anayejua kazi tunampa 8, wakili 5, broka sifuri.

Broka tummalize mapema. Wimbo wake unajulikana: niachie mimi, nina mtu pale ofisini. Thamani iliyokwisha kutangazwa haibadilishwi kaunta. Inabadilishwa kwa pingamizi la maandishi, lenye muhuri wa kupokelewa, likasikizwa, likaamuliwa. Mtu wake wa ofisini anachoweza kukupa kihalali ni kile ambacho wewe mwenyewe una haki nacho, yaani kuliona daftari na kunakili kilichoandikwa kuhusu ploti yako. Wengine huuza msamaha wa riba kana kwamba ni ushindi wa pingamizi. Kaunti ikitangaza msamaha, inasamehe riba na faini kwa anayelipa deni lenyewe ndani ya muda uliowekwa. Thamani inabaki pale pale, na mwaka unaofuata bili inakuja vilevile. Kwa hilo humhitaji mtu wa kati.

Wakili ana mahali pake. Kama ploti imeandikwa kwa jina la mtu mwingine, kama muda wa kupinga umepita, kama unataka kukata rufaa, au kama hoja yako ni kwamba ardhi haifai kutozwa kabisa, nenda kwake. Hoja ya mwisho hiyo inahusu misikiti, makaburi, makanisa na shule. Sheria ya zamani ya reti iliisamehe ardhi inayotumika moja kwa moja, tena kwa hilo pekee, kwa ibada ya umma au mazishi. Neno "pekee" ndilo huangusha watu: maduka ya wakfu yaliyopangishwa mbele ya msikiti hayawi msikiti kwa sababu kodi yake inanunua mikeka. Lakini kama ugomvi wako ni wa namba tu, wakili naye atamtafuta mthamini, nawe utalipa wawili.

Sasa mthamini. La kwanza kumuuliza ni usajili. Wathamini husajiliwa na bodi yao chini ya Sura 532 ya sheria za Kenya. Maajenti wa nyumba wana bodi nyingine chini ya Sura 533. Ofisi nyingi za kuuza nyumba zina ubao mzuri na kiyoyozi, lakini aliye ndani ni ajenti, na maoni ya ajenti kuhusu bei si ripoti ya uthamini. Uliza jina la atakayetia sahihi, namba yake ya usajili, na kama ni yeye atakayesimama siku ya kusikizwa au atamtuma kijana aliyepiga picha. Ripoti isiyo na wa kuitetea huanguka kwa swali la kwanza.

La pili, muulize thamani ya kitu gani. Kaunti nyingi za Kenya zimezoea kutoza reti kwa thamani ya ardhi tupu, kana kwamba hakuna jengo juu yake. Ikiwa daftari lako ni la namna hiyo, paa lililooza, nyumba isiyokwisha, nyufa za ukuta na makuti yanayovuja hayana uzito wowote. Wala deni la benki kwenye hatimiliki, kwa sababu ardhi huthaminiwa kana kwamba haina mzigo huo. Tumeona ripoti za kurasa nyingi zenye picha za jikoni na choo kwa pingamizi la ardhi tupu. Hizo ni ripoti za mkopo wa benki zilizobadilishwa jalada. Mteja amelipa bei kamili na hakuna ukurasa hata mmoja unaomsaidia. Kama tangazo linasema kaunti imethamini ardhi pamoja na majengo, hapo picha za nyufa zina kazi. Kwa hiyo soma tangazo kabla hujamwita mtu.

Kabla ya bei, kuna ukubwa. Hapa ndipo makosa ya daftari ni rahisi kushinda, na mthamini mzuri huanzia hapa. Ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa robo ya nusu eka, yaani moja ya nane. Hesabu haisemi hivyo. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, na moja ya nane ya eka ni 5,445. Kwa hektari, ya kwanza ni kama 0.0465, ya pili ni kama 0.0506. Aliyejaza daftari kwa mazoea ya mdomo badala ya ramani ya upimaji amekuongezea karibu asilimia 9 ya ardhi usiyo nayo, na thamani imepanda kwa kiasi hichohicho. Kosa jingine ni eka kuandikwa kwenye safu ya hektari. Eka moja ni hektari 0.4047, kwa hiyo kosa hilo huzidisha ardhi yako karibu mara mbili na nusu. Lingine ni ploti mama: ardhi imekatwa vipande, vipande vina hatimiliki zake, lakini namba ya mama haijafutwa, na ardhi moja inadaiwa mara mbili. Kwa makosa haya unahitaji nakala ya hatimiliki, ramani, na sachi ya hivi karibuni, yaani hati ya ofisi ya ardhi inayoonyesha ploti ni ya nani. Mthamini si lazima. Mwambie hivyo mwenye ofisi. Akikubali na kukuandikia barua ya ukurasa mmoja kwa bei ndogo, huyo ni wa kurudia.

Ikibaki kwamba ukubwa ni sawa na ugomvi ni bei, hapo ndipo unalipia ujuzi wenyewe: ploti za kulinganisha. Ripoti inayostahili pesa ina mauzo halisi, angalau matatu, ya ardhi iliyo karibu, ya matumizi yaleyale, yaliyofanyika karibu na tarehe ya uthamini iliyotajwa kwenye daftari. Si tarehe ya leo. Ukileta mauzo ya baadaye sana, bei ikiwa imeshuka au imepanda, jopo linalosikiza pingamizi litayaweka kando.

Malindi ina mitego yake katika kulinganisha, na hapa ndipo mthamini aliyetoka mbali bila kuuliza huharibu kazi. Ukanda wa Casuarina na Silversands bei nyingi hutangazwa kwa yuro, na kinachouzwa ni villa pamoja na bwawa, bustani na fanicha. Tuseme villa kwenye nusu eka imeuzwa shilingi milioni 25. Anayegawa bei hiyo kwa ardhi atapata milioni 50 kwa eka. Lakini kama nyumba, bwawa na vilivyomo ni milioni 15, ardhi ni milioni 10, yaani milioni 20 kwa eka. Kama waliotayarisha daftari walifanya kosa hilo, hapo una hoja nzito. Kama ni mthamini wako aliyelifanya, amekumaliza mwenyewe. Hata ikitolewa vizuri, bei iliyobaki baada ya kuondoa nyumba ni ushahidi dhaifu kuliko mauzo ya ploti tupu, kwa sababu thamani ya nyumba nayo ni makadirio. Ripoti bora huanza na ploti tupu.

Mstari wa kwanza na wa pili ni soko mbili tofauti. Ploti inayogusa pwani na ile iliyo ng'ambo ya barabara haziwezi kuwekewa bei moja kwa eka bila maelezo. Na mbele ya mji, kwenye ghuba, mchanga na tope la mto Sabaki limesogeza ufuo, kiasi kwamba kuna ploti za zamani zinazoitwa za ufukweni huku kati yake na maji kuna vilima vya mchanga. Mvua zikinyesha bara, maji ya ghuba yanageuka kahawia. Mthamini anayejua mji atapima umbali wa sasa hadi maji, apige picha, na aeleze. Asiyejua atachukua mauzo ya Watamu kwa sababu ameyapata kwenye mtandao. Bei ya tangazo, iwe mtandaoni au kwenye kibao cha "Inauzwa" kilichopigwa misumari kwenye mwarobaini, ni matumaini ya muuzaji. Haithibitishi mauzo.

Bei zilizoandikishwa nazo zina kasoro. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na asilimia 2 nje, na wapo wanaoandika bei ndogo ili kupunguza ushuru huo. Mthamini mwaminifu atakwambia ni mauzo gani hayaaminiki hata kama yanakufaa, maana upande wa kaunti pia unazijua bei hizo.

Ploti za nyuma, Ganda au Barani kwa mfano, zina hoja zake: barabara isiyopitika mwezi Mei, maji ya kisima yenye chumvi, laini kubwa ya umeme inayopita juu. Kila moja inahitaji picha yenye tarehe na kiasi cha punguzo kilichoelezwa. Ripoti inayosema tu "eneo lina changamoto" haisemi kitu. Na kama aliyeandika hakukanyaga ploti wala hakuonyeshwa bikoni, zile alama za mipaka, mlipe nusu.

Kwa walio kwenye nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako na ardhi ni ya mwingine, na mji huu una nyingi: reti ni za mwenye ardhi. Hapana haja ya kulipia pingamizi kwa ardhi isiyo yako. La kuuliza ni kama mwenye ardhi anataka kukuongezea kodi ya mwezi kwa sababu ya reti, na hilo ni suala la makubaliano yenu.

Kuhusu muda, usimwachie mtu. Sura 266 na 267, sheria za zamani za uthamini na reti zilizotumika miaka mingi, zimefutwa na Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024, iliyoweka baraza la kitaifa la kusikiza mizozo ya reti. Sheria ya zamani ilitoa siku 28 za kupinga tangu tangazo. Muulize mthamini anatumia sheria gani na siku ya mwisho ni ipi, kisha ulinganishe jibu lake na tangazo lenyewe. Anayejibu "bado tuko na muda" bila kutaja tarehe, mwache. Pingamizi liwe na namba ya ploti kama ilivyo kwenye daftari, thamani iliyowekwa, thamani unayodai, na sababu. "Ni ghali mno" si sababu. Nakala yako igongwe muhuri na iandikwe tarehe siku hiyohiyo. Pingamizi pia halisimamishi bili. Deni la nyuma linabaki deni, na anayekushauri uache kulipa mpaka uamuzi utoke hatakuwepo riba ikihesabiwa.

Na je, inalipa? Piga hesabu kabla. Tuseme kiwango cha reti ni asilimia 1 ya thamani na mthamini anaona thamani inaweza kushuka kwa milioni 1.5. Unaokoa shilingi 15,000 kwa mwaka, yaani 75,000 kwa miaka mitano. Akikuomba 60,000, faida yako ni elfu kumi na tano na maumivu ya kichwa. Ploti ya ufukweni inayoshuka milioni 10 ni habari nyingine kabisa. Kwa ploti ndogo, njia inayofanya kazi ni majirani kuungana: mtaa mmoja, mauzo ya kulinganisha yaleyale, mthamini mmoja, kila mwenye ploti na fomu yake na sahihi yake. Gharama kubwa iko katika kutafuta mauzo, na hiyo inafanywa mara moja.

Ofisi nzuri kuliko zote ni ile inayoangalia daftari, ikaangalia soko, ikakwambia namba ya kaunti iko chini ya soko, nyamaza. Wachache wanaosema hivyo, kwa sababu hakuna ada ndani yake. Walipe hata kidogo kwa muda wao.

Malipo yenyewe yawe kiasi kimoja kilichoandikwa, nusu mwanzo na nusu baada ya kusikizwa, risiti kwa kila awamu. Usikubali asilimia ya punguzo. Mthamini anasimama pale kama shahidi mtaalamu, na akiulizwa analipwaje akajibu kwamba analipwa zaidi thamani ikishuka zaidi, ripoti yake imepoteza nguvu kabla haijafunguliwa. Rasimu uione angalau siku tatu kabla ya kuwasilishwa, ili uhakikishe namba ya ploti, ukubwa na majina ya barabara. Makosa ya namba ya ploti kwenye ripoti ya kupinga makosa ya daftari ni mengi kuliko unavyodhani.