Vitu vidogo vya kukuvusha baridi kali: ununue kipi kwanza, kipi baadaye, na kipi ukiache dukani

Saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Umerudi ndani nusu saa nzima, lakini vidole vya miguu bado havina habari. Hapo ndipo utajua kama pesa yako uliitumia vizuri. Koti na buti kila mtu atakushauri. Mimi nazungumzia vile vidogo vya kitandani, vya mezani na vya mfukoni, ambavyo mtu huviita anasa hadi baridi ifikishe wiki ya nane.

Kigezo changu cha kuvipanga ni kimoja: jioni iliyo mbaya kabisa, mkono unakimbilia nini? Kwenye pesa nafuata kanuni moja tu, kupasha mwili kabla ya chumba. Hita ya kawaida inakula wati 1,500 hadi 2,000 ili kuta na dari vistarehe, na wewe umejikunyata kwenye kiti kimoja.

1. Mfuko wa mpira wa maji ya moto

Hauna waya, hauna betri, na umeme ukikatika wenyewe haujui. Ule wa lita 2 unatosha mtu mmoja. Nimejaribu vingi vya bei kubwa kuliko huu na bado naurudia.

Kabla hujalipa, geuza shingo yake utazame. Mifuko mingi ina alama iliyochorwa mfano wa ua: namba ya katikati ni mwaka uliotengenezwa, kila petali ni mwezi, na vidoti vilivyomo ni wiki. Mpira huchoka hata ukiwa umekaa rafuni, na ushauri wa kawaida wa usalama ni kuubadilisha kila miaka 2. Mimi nilinunua mmoja kwa punguzo, shingo sikuitazama, nikautumia majira mawili bila tatizo. Majira ya tatu ukapasuka kwenye mshono usiku wa manane. Bahati yangu maji yalikuwa yameshapoa yakawa vuguvugu. Iliyoumia ni godoro. Nilipokuja kusoma lile ua, mfuko ulikuwa na miaka mitano siku ninaununua.

Kuujaza nako kuna adabu yake. Maji yakichemka yaache yatulie dakika chache, maana yanayotokota huumaliza mpira haraka na yakikumwagikia ni balaa. Jaza theluthi mbili tu, kisha ukandamize taratibu mpaka maji yachungulie shingoni, hewa yote itoke, ndipo ukaze kizibo. Upindue juu ya sinki uone kama unavuja. Kava ni lazima, la sufu au kitambaa kinene, kwa sababu ngozi huweza kuungua polepole bila mtu kushtuka usingizini.

Uweke upande wa miguu dakika 20 kabla hujapanda kitandani. Siyo raha tu. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walieleza katika jarida la Nature kwamba mishipa ya mikono na miguu ikitanuka, usingizi huja upesi zaidi. Ila mtoto mchanga asiwekewe kabisa, na mwenye ganzi miguuni, kwa mfano kwa sababu ya kisukari, autoe kabla ya kulala.

2. Soksi nene za sufu

Jozi mbili za ndani ya nyumba, ambazo hazikanyagi nje hata siku moja. Sufu inaweza kunyonya mvuke wa jasho wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi unyevu. Pamba hulowa ikabaki imelowa, na mguu wenye unyevu ni mguu wa baridi.

Usidanganywe na picha ya kondoo kwenye karatasi. Soma lebo. Sufu ikiwa asilimia 60 hadi 80, na inayobaki nailoni ya kutia uimara, hapo uko salama. Ikiwa asilimia 10, hiyo ni soksi ya plastiki yenye jina zuri. Halafu igeuze ndani nje, uguse unyayo: nzuri ina vitanzi vidogo vidogo vya uzi, kama taulo. Vile vitanzi ndivyo vinavyoshika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayokupa joto. Ndiyo maana soksi ya kubana haifai hata iwe ghali vipi, inafukuza hewa na kubana damu. Kama sufu huwa inakuwasha, tafuta ya merino, nyuzi zake ni nyembamba. Zifue kwa maji ya baridi. Ya moto yatakurudishia soksi za mtoto.

3. Taa ya mwanga mkali ya asubuhi

Hii haipashi chochote. Ni ya wale ambao jua lao linachomoza saa tatu asubuhi na kuaga mchana haujaisha, na wanahisi uzito usioelezeka hadi majira yabadilike. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani waliieleza hali hiyo ya huzuni inayokuja na kuondoka na majira, na tangu hapo mwanga wa asubuhi umekuwa sehemu ya tiba yake.

Kinachotafutwa ni luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), kwa dakika 20 hadi 30 mara baada ya kuamka, taa ikiwa mbele yako kidogo pembeni. Mtego uko kwenye maandishi madogo: luksi hizo zimepimwa kwa umbali gani? Taa nyingi ndogo hutoa 10,000 ukiwa umeikaribia sentimita 15, na hakuna anayekunywa chai na pua imegusa taa. Dai umbali wa sentimita 30 au zaidi, na iandikwe kwamba imechuja miale ya urujuanimno (UV). Mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia kupanda na kushuka amwone daktari kwanza.

Ningeiweka ya pili kama isingekuwa na mshindani wa bure. Hata siku ya mawingu, nje ya mlango kuna mwanga mwingi mno kuliko sebuleni. Ukiweza kutembea kidogo mchana, jaribu hilo wiki mbili kabla ya kununua.

4. Chupa ya chai

Ndogo, ya nusu lita, ikae kando ya kitanda au dawati, usiamke mara tano kwenda kwenye birika. Kati ya kuta zake mbili hamna hewa, ujanja wa James Dewar tangu 1892, kwa hiyo joto halina njia rahisi ya kutokea. Ukifika nayo nyumbani, mimina maji yaliyochemka, funga, subiri dakika 10, kisha shika ubavu. Ukiwa wa moto, ombwe, yaani ule utupu usio na hewa, limekufa: irudishe na risiti. Mdomo mpana ni rahisi kuosha lakini hupoteza joto.

5. Blanketi la umeme

Kwa joto tupu linaushinda mfuko wa maji, na kwa takriban wati 100 halitishi bili. Nimelishusha kwa sababu linataka uangalizi. Nunua jipya, lenye kujizima lenyewe baada ya muda na kinga ya joto kupita kiasi. La mkononi kwa mtu usilichukue hata kwa bure, kwani hujui limekunjwa mara ngapi, na waya zilizokunjwa ndizo zinazoanzisha moto.

Nje ya orodha kuna mafuta ya mgando. Hayana haja ya kushindanishwa, yawe mfukoni tu, midomo isipasuke. Vipakiti vya kupasha mikono ni unga wa chuma unaopata kutu kwa kasi pindi ukikutana na hewa. Vinafaa kituoni ukisubiri basi, ndani ya nyumba ni upotevu. Mashine ya kuongeza unyevu niliinunua, nikasahau kuiosha, ikaota ukungu. Anza na kipima unyevu: kikisoma kati ya asilimia 30 na 50, huihitaji.

Vya kuacha dukani: vile vihita vidogo vya kuchomeka ukutani vinavyojidai kupasha chumba kizima kwa "teknolojia mpya". Wati 400 ni joto la wati 400, hata zipambwe vipi.

Na usiingize mkaa wala jiko la gesi chumbani kujipasha moto. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hulaza mtu asiamke. Kama nyumba yako ina chochote kinachowaka moto, kengele ya hewa hiyo inunuliwe kabla ya vyote nilivyotaja hapo juu. Ikiwa unayo tayari, bonyeza kitufe chake cha majaribio usiku huu, kisha igeuze usome tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo mgongoni.